Riba ya Medici na vyumba viwili vya San Marco

Ikitajwa familia ya Medici, watu husifu majumba na michoro. Mimi hukumbuka riba kwanza.

Giovanni di Bicci, wa familia hiyo, alianzisha benki yake Florence, Italia, mwaka 1397, na Kanisa wakati huo lilihesabu riba kuwa dhambi. Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa hilo. Basi faida ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kubadilisha fedha. Chukua mfano: mfanyabiashara anapewa na benki florini 1,000, sarafu za dhahabu za Florence, anaandika hawala ya kulipa London baada ya miezi mitatu, peni 40 kwa kila florini. Wakala wa benki huko anapokea peni 40,000, kisha anazirudisha Florence kwa hawala nyingine. Ila London florini moja hupatikana kwa peni 38. Miezi sita imepita, benki ina florini 1,052, na neno riba halijaandikwa popote.

Cosimo, mwanawe Giovanni, hakujidanganya. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyemfahamu, aliandika kwamba dhamiri ilimsumbua kwa mali isiyochumwa kwa njia safi, akamwendea Papa Eugenio IV, naye akamwambia atoe florini 10,000 kujenga monasteri ya San Marco. Akatoa zaidi ya 40,000. Fra Angelico na wasaidizi wake wakachora kutani, chumba kwa chumba. Kila mtawa alikuwa na chumba kimoja chembamba. Cosimo alijiwekea viwili vilivyoungana, na ukutani wamechorwa Mamajusi, matajiri waliokuja na dhahabu yao, mmoja amejiinamisha miguuni pa Mtoto Yesu.

Naamini toba yake ilikuwa ya kweli. Mtu hatoi mara nne ya alichoambiwa kwa kujionyesha tu. Lakini sheria ya Kanisa lenyewe ilitaka riba irudishwe kwa aliyetozwa. Hapa ndipo ninaposhindwa kumsifu. Fedha zilikwenda kwa watawa, kwa mawe na kwa rangi. Wakopaji wengi hawakuwa maskini, nakubali, walikuwa wafanyabiashara na wakuu. Hata hivyo haki yao ilikuwa haki.

Natamani wanaowatembeza wageni San Marco wasimame kwanza mlangoni pa vyumba vile viwili, waeleze habari ya peni 40 na peni 38, ndipo wawaonyeshe Mamajusi.