Anayejifunza muziki aanzie kwenye chakacha

Najua walimu wengi wa gitaa na kinanda hawatakubaliana nami, lakini nasema: mwanafunzi mgeni asianze kwa kuhesabu "moja, mbili, tatu, nne". Aanze na hesabu ya sita ya chakacha, ngoma ya harusini ya pwani.

Kinachowatatiza wanaoanza ni kutotofautisha pigo na mdundo. Pigo ni ile hatua ya sawasawa ambayo mguu huikanyaga wenyewe muziki unapolia. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu, sauti fupi na vituo vya kimya unaochezwa juu ya pigo hilo. Katika nyimbo nyingi za redio, ngoma nzito huangukia palepale mguu unapokanyaga, basi mwanafunzi hudhani ni kitu kimoja, na dhana hiyo humsumbua muda mrefu.

Chakacha haimpi nafasi ya kudhani hivyo. Ngoma hii ya wanawake wa mwambao, ya Mombasa, Lamu na kwingineko, inayochezwa harusini, huzunguka katika hesabu ya sita, na sita hugawanyika kwa njia mbili: tatu mara mbili, au mbili mara tatu. Ngoma zikilia pamoja, unazisikia njia zote mbili kwa wakati mmoja. Kiuno cha mchezaji kinalijua jambo hili kitambo, bila darasa.

Jaribu umekaa kitini. Hesabu moja hadi sita polepole, kila namba kwa urefu uleule, kisha rudia bila kusimama. Mguu ukanyage kwenye moja na nne. Ukishatulia, piga makofi kwenye moja, tatu na tano. Mguu na kofi vitakutana kwenye moja tu. Kwingine kila kimoja kina njia yake. Kwenye mbili na sita hapasikiki kitu, na hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu hukimbilia kuziba kimya. Kimya nacho kinahesabiwa. Kikikatwa, mzunguko mzima unapinda.

Kasi isikutie wasiwasi. Mapigo 60 kwa dakika ni pigo moja kila sekunde, na yanatosha kabisa kuanzia. Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, hupita mapigo 200, na vijana huipenda kwa moto huo, lakini mkono usioweza kupiga polepole hautanyooka kwa kukimbizwa.

Mambo ya kusoma nota yaje baadaye. Mwalimu akiandika 6/8, alama ya hesabu ya sita, ubaoni baada ya zoezi hili, mwanafunzi ataitazama na kujua inasema nini, kwa kuwa mwili wake umeshaipiga.

Kisha ageuze: mguu uchukue moja, tatu na tano, makofi yabaki na moja na nne. Akiweza kuhama huku na huku bila kuongeza kasi, mpe gitaa.