Si ladha, wifi, ni utelezi

Wifi yangu, mzaliwa wa Mombasa, alipokuja kwetu Kakamega mara ya kwanza, Mama alimpikia mboga ya mrenda na ugali wa mtama mwekundu. Akamega tonge, akachovya, akainua mkono. Mrenda ukamfuata. Akainua zaidi, uzi ukazidi kurefuka, watoto wakaangua kicheko. Alimeza tonge lile kwa adabu kisha akasema, "Samahani Mama, ladha yake siiwezi."

Ladha ilisingiziwa siku ile. Mrenda una ladha gani hasa? Chumvi, magadi kidogo, na harufu ya majani. Kilichomshinda ni utelezi, na utelezi hauonjwi, unaguswa.

Jitazame ulimi kwenye kioo. Vile vinyweleo vinavyoufanya uwe kama zulia havionji chochote. Kazi yake ni kushika chakula na kuhisi kinavyosuguana. Ndiyo maana nilifurahia kazi ya Profesa Anwesha Sarkar wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzake. Mwaka 2020 walitangaza ulimi wa bandia: walichukua alama za ndimi za watu wazima 15, wakapima vinundu vyake, kisha kwa printa ya 3D na silikoni laini wakaunda ngozi yenye vinundu vya umbo lile lile, inayolowa kama ulimi halisi. Ulimi huo haujui chumvi wala sukari. Unajua kusuguliwa tu.

Ningependa waulishe chakula cha kwetu, maana sisi tuna maneno ya mambo haya. Chukua ukakasi. Ukitafuna pera bichi, au ukinywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, kinywa kinakauka na ulimi unakuwa kama gunia. Ile si ladha pia: tanini, kemikali iliyomo kwenye mimea kama hiyo, hushikana na protini za mate, mate yanapoteza ulaini wake, nyama inasugua nyama. Mtama mwekundu nao una tanini. Sasa rudi kwenye sahani ya Mama: ugali wenye ukakasi, mboga yenye utelezi. Mimi naamini hiyo si bahati. Kuna bibi fulani zamani aliyechoka kuona matonge yakikwama kooni.

(Wanaokula mrenda kwa ugali mweupe wa dukani nawaheshimu, ila wanapoteza nusu ya raha.)

Juzi nilimchokoza wifi kwa simu: "Na bamia mnazokula huko Pwani, hazitelezi?"

"Zetu tunazikamulia ndimu, wifi, ule utelezi ukatike."

Nikamwambia Mama. Akacheka, akageukia sufuria na kuongeza magadi kidogo, ili majani yalainike na uzi uvutike vizuri.