Mwamini anayekubali mageuko hajaiacha imani

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza ameandika kwenye daftari la Historia nadharia mbili za asili ya binadamu, moja chini ya nyingine: ya uumbaji na ya mageuko. Mtihani ukija anazieleza zote mbili na kupata alama zake. Anachobaki nacho kichwani ni kwamba hizi ni kama Simba na Yanga, ukishabikia moja umeikana nyingine.

Hapa Dodoma, penye makanisa ya kila dhehebu, Msikiti wa Gaddafi na vyuo vikuu vyenye maelfu ya vijana, mjadala huo hauishi. Kijana akisema anamwamini Muumba na pia anakubali mageuko ya viumbe, wenzake wa ibada humwona amepoa, na wenzake wa maabara humwona anaogopa kufika mwisho wa hoja. Huyu ndiye asiyesikilizwa, na msimamo wake ni imara kuliko unavyodhaniwa. Ila wanaompinga kwa jina la imani nao wana hoja nzito, na ni kuwaonea kuwaita wajinga.

Pingamizi lao la kweli halihusu nyani. Sayansi haisemi kwamba tulizaliwa na nyani hawa wanaoiba mahindi mashambani. Inasema sisi na sokwe tulikuwa na mababu wa pamoja, na koo zetu zikaachana miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Hilo likishaelezwa vizuri halisumbui tena. Kinachosumbua ni Adamu. Mkristo akisoma Warumi sura ya 5 anakuta kwamba dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na kwa dhambi hiyo mauti. Kisha wokovu nao ukaja kwa mmoja. Kama viumbe walikuwa wakifa kwa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu yeyote, ni mauti gani hayo yaliyoingia? Mwislamu naye anasoma kwamba mfano wa Isa mbele ya Mwenyezi Mungu ni kama wa Adamu, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa: Kuwa. Anayezifanya aya hizi kuwa mafumbo matupu ana deni la kueleza ataishia wapi, na kwa nini ufufuo usiwe fumbo pia.

Kuna pia kumbukumbu ambayo Mwafrika ana haki ya kuwa nayo. Jina la mageuko liliwahi kutumika kupanga watu kwa ngazi, Mzungu juu na sisi chini. Mafuvu ya wazee wetu yalisafirishwa kutoka Tanganyika ya Wajerumani kwenda Berlin kupimwa kwa rula, na mwaka 2023 vipimo vya DNA vilipata ndugu wa baadhi yao, walio hai hapa Tanzania. Mzee anayesikia neno mageuko na kukunja uso hakosi sababu. Kilichovunja ngazi ile, hata hivyo, ni sayansi hiyo hiyo ilipokomaa. Vinasaba vimeonyesha kwamba binadamu wote wanafanana kwa takriban asilimia 99.9, na kwamba tofauti nyingi zaidi za vinasaba ziko ndani ya Afrika yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu wamekaa muda mrefu zaidi.

Sasa upande wa yule kijana. Watu hudhani imani ilianza kutafuta maelewano baada ya kubanwa na Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko. Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo katika Algeria ya leo, mwanzoni mwa karne ya 5 tayari alikuwa akifundisha kwamba Mungu aliweka ndani ya uumbaji visababishi ambavyo vingejifunua kwa wakati wake. Aliwaonya pia Wakristo wasitumie Maandiko kutetea mambo ya maumbile wasiyoyajua, wakaiaibisha imani mbele ya watu wanaoyajua. Kwa Waanglikana, ambao ni wengi hapa Dodoma, Frederick Temple alisema katika mihadhara yake ya 1884 kwamba Mungu aliviumba vitu vikiwa na uwezo wa kujiumba. Miaka 12 baadaye mtu huyo akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Na Yohane Paulo II akatamka Oktoba 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Miongoni mwa Waislamu wapo wanazuoni wanaoona kwamba aya hazikatai mageuko ya wanyama na mimea, na kwamba kuumbwa kwa Adamu ni muujiza, jambo ambalo sayansi haina kifaa cha kulipima. Waamini hawa hawakukubaliana wao kwa wao, lakini hakuna anayeweza kusema waliikana dini.

Na ushahidi wenyewe? Wengi huanzia Olduvai au Laetoli. Mifupa ya Olduvai na nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, ni hazina ya nchi, ila mwenye shaka anaweza kusema fuvu ni fuvu tu. Vinasaba vinambana zaidi. Mbuzi wa Mgogo hahitaji chungwa wala ubuyu, kwa sababu ini lake linatengeneza vitamini C. Sisi hatuwezi, na tukikosa matunda na mboga kwa miezi kadhaa fizi huanza kutoka damu. Maelekezo ya hatua ya mwisho ya kutengeneza vitamini hiyo tunayo, lakini yameharibika. Sokwe naye anayo, yameharibika vilevile, na sehemu kadhaa za uharibifu zinalingana na zetu. Mnyama mdogo wa kufugwa aitwaye simbilisi (guinea pig) pia hawezi kutengeneza vitamini C, lakini ya kwake yameharibika kwa namna nyingine. Mwalimu anayesahihisha karatasi mbili zenye makosa yale yale, mahali pale pale, anajua zimenakiliwa sehemu moja. Mwamini aliyeyaona haya hawezi kuyafumbia macho akabaki mkweli, na ukweli nao ni amri ya dini.

Yapo mageuko ambayo hata wapinzani huyakubali bila kuyaita jina. Tanzania iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilivyoihimili ndivyo vilivyobaki vikizaana. Tukahamia dawa ya SP, nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikaingia dawa mseto ya ALu. Watasema hayo ni mabadiliko madogo, kimelea kimebaki kimelea. Sawa. Lakini kuna badiliko dogo jingine ambalo limo ndani ya miili yetu, na hapo ndipo naona suala hili linapoacha kuwa la mitihani.

Nalo ni la selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Maelekezo ya sehemu moja, iitwayo beta, ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, yako kwenye kromosomu ya 11. Herufi moja ya DNA ikibadilika, A ikawa T, basi kiungo cha sita katika mnyororo wenye viungo 146 kinabadilika: asidi ya glutamiki inatoka, valini inaingia. Mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, yaani SS, chembe zake nyekundu hupinda zikipungukiwa oksijeni, huziba mishipa midogo, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Ndiyo maana anapungukiwa damu, mikono inavimba, mifupa inamuuma hadi analia usiku kucha. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, AS, kwa kawaida ni mzima, na malaria kali humwepuka kwa takriban asilimia 90.

Chukua jamii ambayo watu 20 katika kila 100 ni AS. Ndoa zitakazokutanisha AS wawili ni 4 katika 100, maana ni ishirini kwa mia mara ishirini kwa mia. Katika ndoa hizo kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuwa SS. Kwa hiyo mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na selimundu. Zamani, kabla ya dawa, wengi wa hao walikufa wadogo, na kila aliyekufa aliondoka na nakala mbili za badiliko hilo. Kwa mwendo huo lingekwisha lote. Halikwisha kwa sababu upande wa pili wa hesabu kuna wale 20, waliovuka masika baada ya masika ya malaria wakati watoto wa AA, wasio na badiliko hilo, wakizikwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba katika Afrika Mashariki AS walikuwa wengi kwenye jamii za maeneo yenye malaria nyingi na wachache kwenye nyanda za juu. Huo ndio uteuzi asilia. Hapa nchini inakadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Nalikalia jambo hili kwa sababu linagusa kazi ya mchungaji na sheikh kuliko fuvu lolote. Mtoto wa kwanza akifa, wa tatu naye akianza kuvimba vidole, familia hutafuta mkono wa mtu. Wapo watakaosema ni laana ya ukoo, wapo watakaomtazama bibi, na mara nyingi mama ndiye anayerudishwa kwao na mzigo wake. Maelezo ya mageuko yanawaambia kwamba badiliko hili lilidumu kwa kuwa liliwaokoa babu na bibi zao na homa. Hakuna aliyeroga. Baba amechangia nusu na mama nusu. Sijui mahubiri gani yanamwondolea mama huyo aibu haraka kuliko maelezo haya, na kiongozi wa dini anayeyakataa kwa sababu tu yametokea kwa Darwin anajinyang'anya zana ya uchungaji.

Hapa anayepinga ana swali zito kuliko yote: ni Mungu gani anayewalinda watoto 20 kwa gharama ya mmoja? Swali hili halina jibu jepesi. Ila halikuletwa na mageuko. Selimundu ipo, uamini mageuko usiamini. Anayesema kila kiumbe kilitengenezwa moja kwa moja jinsi kilivyo ana mzigo mkubwa zaidi, maana itabidi aseme ile T iliwekwa pale kwa makusudi, au ni adhabu kwa mtoto ambaye bado hajajua kutamka neno. Mwamini wa mageuko anaweza kusema Muumba aliupa ulimwengu nafasi ya kubadilika kweli, kwa faida na kwa hasara, na kwamba yuko pamoja na wanaoumia. Mkristo ataelekeza kwenye msalaba, Mwislamu kwenye subira na rehema. Kuhusu Adamu nakiri kwamba hoja bado ni ngumu, na wanaotaka lugha ya Warumi 5 iheshimiwe wana haki ya kuendelea kudai majibu bora. Kuhusu mateso, upande wao hauna nafuu yoyote.

Dodoma ina sababu yake ya kulichukulia hili kwa uzito. Mkoa huu ni kati ya yenye malaria chache, kwa hiyo faida ya AS hapa ni ndogo na hasara ya SS iko pale pale. Na tangu serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, wameingia watu kutoka Kanda ya Ziwa, Tanga na Pwani, wanaoana na kuzaa huku. Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uloto wa mifupa kwa watoto wenye selimundu, lakini hiyo ni tiba ya wachache na inahitaji mchangiaji anayelingana.

Pa kuanzia ni mafundisho ya ndoa, na kinachoharibu mara nyingi ni wakati. Wachumba wakipimwa baada ya tangazo la kwanza kusomwa kanisani, au mahari ikishapokelewa, majibu yanakuwa aibu ya ukoo mzima badala ya kuwa taarifa. Wapimwe kabla ya posa. Kosa la pili ni kipimo chenyewe: kile cha kuangalia chembe zikipinda kwenye kioo, au cha maji kuchafuka, husema tu kwamba S ipo, hakitenganishi AS na SS. Mtu mzima mwenye AS anaweza kutoka na karatasi ya "positive" akadhani ni mgonjwa. Aombe elektroforesi ya himoglobini au HPLC, vipimo vinavyotenganisha AS na SS. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri takriban miezi mitatu, kwani damu ya mchangiaji inavuruga majibu. Kichanga wa chini ya miezi sita, kile kipimo cha kioo au cha maji kinaweza kumkosa, kwa kuwa bado ana himoglobini ya tumboni. Wote wawili wakiwa AS, dini haiwazuii kuoana, na mwalimu wa ndoa asiwatishe: kila mimba, si ile ya kwanza tu, ina robo ya SS, nusu ya AS na robo ya AA. Wakiamua kuendelea, kila mtoto apimwe mapema akizaliwa, na akiwa SS aanzishiwe penisilini ya kumeza hadi miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kwa ushauri wa daktari.