Fundi wa kunguni hana shahidi

Jamani kuna kazi za kujivunia halafu kuna kazi yangu. Mimi napuliza dawa za wadudu hapa Dar, kunguni, mende, panya, viroboto, na mchwa mara moja moja wakijitokeza, huu mwaka wa 3. Kinyozi akikunyoa vizuri unamtangaza, fundi cherehani unamtangaza, hata muuza chipsi anatangazwa bure kabisa, ila mimi nikifanya kazi nzuri mteja anafuta namba. Nani atasimama saluni aseme jamani mie nilikuwa na kunguni mpaka kwenye pazia akaja kaka mmoja akawamaliza? Hayupo. Dar nzima hii hakuna mwenye kunguni. Kila anayenipigia anaanza "sio kwangu, kuna rafiki yangu", namuuliza rafiki anakaa wapi, kimyaa, halafu "anakaa kwangu".

Nilianza na hela ya mchezo, ilikuwa zamu yangu, nikanunua bomba la mgongoni la lita 16, gambuti, glavu, na ile barakoa yenye vichujio viwili ukiivaa unafanana na nzi. Nikaingia kwenye makaratasi, mara jina la biashara, mara TIN, mara leseni, na kila dirisha swali ni moja, biashara ya nini? Nikataja kunguni, dada wa watu akasogeza kiti nyuma. Nimemaliza kusaini namrudishia kalamu anasema kaa nayo tu kaka. Ninayo mpaka leo, na kwa hesabu zangu ndio mtaji pekee niliowahi kupewa na ofisi yoyote.

Kosa langu kubwa lilikuwa ovaroli. Nilichapisha mgongoni KUNGUNI BASI, herufi nyekundu, na namba ya simu chini, nikajiona nimemaliza mambo ya matangazo. Mteja wa kwanza, Tabata, aliniona tangu kwenye kona akanipigia "kaka usije hivyo, geuka", nikageuka, ndio akasoma mgongo, "basi usigeuke!" Ikabidi nirudi saa 3 usiku, bomba ndani ya kiroba kama nimeiba. Tangu hapo nimeshakuwa fundi dishi, nimeshakuwa mjomba kutoka Singida, mjomba mwenye gambuti, na kuna nyumba niliambiwa nijitambulishe fundi wa AC wakati nyumba yenyewe ina feni moja la kusimama na shingo imevunjika. Jirani akanifuata nje kuulizia bei ya AC, ikabidi nimtajie.

Sasa wakati mimi naingia kwa kunyata kuna machinga anapita mtaani mchana kweupe na spika, "dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya, buku, buku", sauti imerekodiwa yeye mwenyewe anakula muhindi. Dawa iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, ukimuuliza ni dawa gani anakwambia kali. Mimi nanunua zilizosajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya viuatilifu, nasoma kipimo, napima kwa kikombe, halafu mteja ananiambia yule buku wewe elfu 80, kwani wewe unaua na kuzika?

Na kazi yenyewe watu hawaielewi. Kunguni jike anaweza kutaga zaidi ya mayai 200 maishani, anayabandika kwenye matundu ya skrubu za kitanda, kwenye mishono ya godoro, nyuma ya soketi, na dawa nyingi haziuwi yai, yai lenyewe linaanguliwa kama siku 6 mpaka 10, kwaiyo lazima nirudi baada ya wiki 2 kuwapata hao waliozaliwa kabla hawajakua wakaanza na wao kutaga. Mteja akisikia tu "nitarudi" sura inabadilika. Kwani mara ya kwanza ulipuliza maji? Wengine nawaelewesha na kuchora nachora, wanatikisa kichwa, siku ya kurudi simu haipokelewi, mwezi wa pili wananitukana kwamba dawa feki.

Na maandalizi! Nasema fungueni kitanda, nguo zote zichemshwe, mtu asibaki ndani masaa 4. Nafika nakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya la wageni na bibi kalala juu yake, nampigia magoti bibi naomba utoke, ananijibu mjukuu wangu nimekaa nao mwaka mzima hawajaniua, wewe nipulizie pembeni pembeni.

Mende ndio usiseme. Wale wadogo wa jikoni, jike anatembea na mfuko wa mayai 30 na kitu hadi karibu yaanguliwe, unaua mmoja unadhani umeua mmoja. Nikaweka jeli kwa sindano, vitone vidogo vidogo nyuma ya friji, kwenye bawaba za kabati, kazi ya saa nzima mgongo umekufa. Kesho yake mama mwenye nyumba ananipigia kwa furaha, dada wa kazi kasafisha jiko zima, ule uchafu wa njano wote umetoka.

Ila hayo yote nayavumilia, kinachonimaliza ni madeni. Kuna mama wa Sinza, vyumba 3, nimemaliza kunguni wote, elfu 80 ananizungusha mwezi wa 3 huu, na utamdai wapi mtu ambaye hukuwahi kwenda kwake? Juzi niko kikao cha harusi ya mtoto wa shangazi, naangalia meza ya mbele, mweka hazina ndio yeye. Tumetazamana. Akaniuliza mbele za watu, "kaka hatujawahi kukuona, unajishughulisha na nini?" Nikasema mambo ya afya. Nikaahidi elfu 50 taratibu, akasema aah, mtu wa afya elfu 50? Andika laki! Makofi. Shangazi kapiga kigelegele, nitasema nini.

Jumatatu meseji ikaingia kutoka namba niliyoisevu Mama Kunguni Sinza: "Ndugu mwanakamati, unakumbushwa kukamilisha ahadi yako ya 100,000 kabla ya Ijumaa. Mungu akubariki." Nikajibu, mama, toa 80 zangu, mimi nabaki nadaiwa 20.

Akajibu: "Samahani, nani mwenzangu?"