Mbunge wa upinzani hajengi barabara, anauliza

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia hapa Mwanza lazima uisikie hii kauli, uwe sokoni Kirumba, uwe Igoma, uwe umekaa zako kwa muuza kahawa Mabatini: "sasa huyo wa upinzani mkimpeleka Dodoma atawaletea nini?" Na anayeuliza huwa anajijibu mwenyewe hapo hapo, hataleta kitu, atapiga kelele miaka mitano na mtaa wenu utabaki na makorongo yale yale. Mi hii kauli inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Kelele zilikuwepo. Barabara kweli hawakujenga.

Ila hakunaga mbunge anayejenga barabara, awe wa chama gani. Barabara za mitaa ziko kwa wakala wa serikali TARURA tangu 2017, zile kubwa ziko kwa wakala mwingine, TANROADS, bajeti inaandaliwa na serikali na mbunge anaikuta mezani, anaweza kuipigia kelele, kuipitisha au kuikataa, basi. Mfuko wa Jimbo upo sawa, lakini ukishaugawa kwa kata zote unaishia kuwa mabati na madawati. Sasa sisi tunampima mtu kwa kazi ambayo hajapewa halafu ile aliyopewa hatumuulizi kabisa. Na aliyopewa iko kwenye Katiba, ibara ya 63, Bunge kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi, na silaha ya kwanza inayotajwa pale ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Swali. Ndo hicho tu alichonacho, na mbunge wa upinzani ndo kabisa, maana hana waziri wa chama chake wa kumpigia simu usiku.

Wanaofuatilia Bunge wanajua swali linavyokuwa. La msingi linapelekwa kwa maandishi, naibu waziri anakuja na jibu lililochapwa, "Serikali inatambua umuhimu wa…", "kadri fedha zitakapopatikana", yale yale. Utamu uko kwenye la nyongeza, pale mbunge anasimama na kumbana kwa kitu ambacho hakimo kwenye karatasi. Ikifika Bunge la bajeti kuna kushika shilingi kwenye mshahara wa waziri, yaani kuzuia mshahara wake usipitishwe mpaka aeleze jambo, na hapo kusema ukweli wengi wanashikaga kwa mbwembwe, waziri anaeleza dakika mbili, "Mheshimiwa Mwenyekiti, narudisha shilingi", makofi. Ukimuona mbunge hajairudisha shilingi mapema hivyo, huyo muangalie vizuri.

Sasa niwarudishe Ukerewe, visiwani huko Ziwa Victoria, maana hii makala yote kichwani kwangu inaanzia kule.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka kwenda kisiwa cha Ukara na kikapinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika. Walikufa watu 228 na waliookolewa wakiwa hai 41. Kivuko kilikuwa na uwezo wa abiria 101, hebu jumlisha mwenyewe uone. Mbunge wa Ukerewe wakati huo alikuwa Joseph Mkundi, wa CHADEMA, na yeye na wenzake wa upinzani walikuwa wameshakisemea kile kivuko kabla, kwamba hali yake ni mbovu. Baada ya ajali chama chake kikasema wazi kwamba tulipiga kelele serikali ikaziba masikio, na mitaani huku watu wakawa wanarushiana klipu za bungeni kwenye WhatsApp, kila mtu "si mnaona, alisema huyu".

Mi nilikuwa na hasira kama wengine, ila nilivyotulia nikaona kuna kitu tunakiruka. Miezi michache kabla ya ile ajali MV Nyerere ilikuwa imefanyiwa matengenezo makubwa ya injini zake zote mbili, hilo TEMESA wenyewe, wakala wa serikali wenye vivuko, walilisema. Siwezi kuapa kwamba ni kelele za bungeni zilizoleta yale matengenezo, lakini pia siwezi kusema hazikuhusika, maana hela za vivuko vya visiwani hazitokagi tu kwa huruma. Kwa hiyo injini zikashughulikiwa. Kilichokuwa hakijashughulikiwa ni idadi ya watu wanaopanda siku ya gulio, na yule anayeshika usukani ni nani, maana baadaye serikali ilikuja kusema nahodha mwenyewe hakuwemo. Hilo ndo lilikuwa swali la nyongeza. Injini ni jambo linaloonekana, kila mtu analiona kivuko kikizima katikati ya maji, lakini kuhesabu vichwa pale gatini ni kazi ya kila siku isiyo na picha wala ufunguzi, na ndo maana haina msemaji. Simlaumu Mkundi kwa hili hata kidogo. Nasema tu kwamba tunapomsifia mbunge kwa "alisema" tuangalie pia alisema nini hasa, na nini kikabaki.

Halafu mwaka huo huo Mkundi akahamia CCM. Kila mtu ana maelezo yake hapo, mi sina haja nayo.

Lingine ni hili la jimbo na taifa. Nyamagana 2010 tulimpeleka Ezekiah Wenje, akamwangusha Lawrence Masha aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Ilemela wakampeleka Highness Kiwia, wote CHADEMA, jiji zima. Na haikuwa kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi, msisahau Aprili 2012 kwenye uchaguzi mdogo wa udiwani kata ya Kirumba, Kiwia na mbunge mwenzake Machemli wa Ukerewe walikatwa mapanga. Wenje akawa waziri kivuli wa mambo ya nje, yaani msemaji wa upinzani kwenye wizara hiyo, na hapo ndo minong'ono ikaanza, ooh mbunge wetu anazungumzia mambo ya nje wakati maji ya bomba hayapandi milimani. Ziwa liko pale chini tunaliangalia kwa macho, chanzo cha maji kiko Capripoint, na mtu wa mlimani ananunua maji kwa dumu. Ni haki kabisa kukasirika. 2015 majimbo yote mawili yakarudi CCM.

Ila hilo la "mambo ya kitaifa hayatuhusu" mi nalikataa, na ushahidi wangu ni mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimama bungeni kutaka iundwe kamati teule kuchunguza ule mkataba wa mgodi uliosainiwa London. Buzwagi iko Kahama, siyo Kigoma. Mtu wa Kigoma Kaskazini angeweza kabisa kuuliza Kahama inamhusu nini mbunge wao. Akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa, nchi ikawaka, Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Bomani kupitia sekta nzima ya madini, na 2010 tukapata sheria mpya ya madini, mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mgodi unailipa serikali, ukatoka asilimia 3 ukawa 4, na 2017 ukapandishwa tena mpaka 6. Geita wakati ule bado ilikuwa ndani ya mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mbunge wa Kigoma, wa upinzani, kwa hoja ya Kahama, amechangia kuwagusa watu wa huku kuliko wabunge wengi tuliowachagua wenyewe.

Upinzani nao nisiwaache hivi hivi. Kuna ile ya 2016, wamegombana na Naibu Spika Tulia Ackson wakawa kila akikalia kiti wao wanatoka nje, siku nyingine wakatoka wamejibandika karatasi mdomoni. Sawa, ujumbe ulifika, picha zilikuwa nzuri. Lakini hicho kilikuwa kipindi cha bajeti, bajeti ya kwanza kabisa ya serikali ya Magufuli, na sisi wenye wabunge wao tukabaki hatuna mtu ndani wakati vifungu vinapitishwa. Mtu tuliyemtuma kuuliza akaenda kujiziba mdomo mwenyewe! Hapo mi nilikuwa upande wa wale wa kijiweni kabisa. Afadhali utolewe na askari wa Bunge ukiwa umeshika kitabu cha bajeti kuliko kutoka mwenyewe.

Mwaka huo huo ndo serikali ikasitisha kurusha Bunge laivu TBC, na hiyo imetuharibu kuliko tunavyokiri. Zamani mafundi cherehani, kinyozi, wote wanasikiliza maswali na majibu asubuhi, mtu anajua mbunge wake kauliza nini. Siku hizi tunapata klipu ya nusu dakika, yenye kupayuka zaidi ndo inasambaa, na mbunge naye ana akili, atakupa unachosambaza. Halafu 2020 kati ya majimbo 264 CCM ikachukua 256, CHADEMA ikaambulia moja tu, Nkasi Kaskazini kwa Aida Khenani, huko kwenye ziwa lingine. Kambi rasmi ya upinzani ikafa, na mawaziri vivuli na hotuba zao mbadala za bajeti vikafa nayo, zile hotuba ndefu ambazo wengi hatukuzisoma lakini humo ndo takwimu zilikuwa zinachokonolewa.

Mtaniambia hata mbunge wa CCM anaweza kuuliza. Anaweza ndio. Luhaga Mpina wa Kisesa, hapa jirani Simiyu, 2024 akiwa bado CCM alimkaba Waziri wa Kilimo kwenye vibali vya sukari, akaishia kufungiwa vikao 15. Watu wa ziwani walishindwa wampigie makofi au wamzomee, maana ni huyu huyu aliyekuwa Waziri wa Uvuvi 2018 nyavu zetu zikichomwa kwenye Operesheni Sangara, ile ya kupambana na uvuvi haramu. Ila ona chama tawala kinavyomfanya anayeuliza sana, ndo ujue kwa nini tunahitaji mtu ambaye hana cha kupoteza kwa waziri.

Kwa hiyo anayetaka kura yangu kwa tiketi ya upinzani asije kuniahidi lami. Aje na swali lake ameliandika, nilisome. Na kama hana, nampa langu: je, Serikali inaweza kulieleza Bunge hili ni nani anayehesabu abiria kwenye kila kivuko na kila boti inayotoka Mwanza na Ukerewe kwenda visiwani siku za gulio, na orodha ya majina inabaki wapi chombo kikishaondoka? La nyongeza, ile mitumbwi ya mbao yenye injini inayobeba watu pamoja na dagaa kurudi mwaloni, ina makoti ya kuokolea mangapi na nani aliyakagua mara ya mwisho? Akijibiwa kwamba serikali inalifanyia kazi, mkutano unaofuata analirudisha lile lile neno kwa neno, na bajeti ya uchukuzi ikisomwa anashika shilingi, na hairudishi mpaka apewe tarehe.