Anayechelewa Kupanda Parachichi Si Mwoga

Kijana wa Mbeya anayetafuta biashara ya kufanya hakosi washauri, na karibu wote wanamwambia kitu kimoja: anza sasa, anza na ulichonacho, woga ndio unaokurudisha nyuma. Anaambiwa hivyo kwenye semina za ujasiriamali, anaambiwa na wahamasishaji redioni, anaambiwa na jirani aliyeacha mahindi akajaza shamba miche ya parachichi. Ushauri huu unachukulia kwamba wazo la biashara lipo tayari na kinachokosekana ni moyo tu. Wapo wengine, wengi wao watu wazima, wanaosema ingia kwanza kwenye kazi ya mwenzako, itazame misimu kadhaa, ndipo uweke mtaji wako. Hawa hawaalikwi kwenye semina. Wanaitwa watu wa zamani, na kijana anayewasikiliza anahesabiwa mvivu. Nadhani anaonewa.

Wanaohimiza haraka wana hoja, na si ndogo. Waliopanda Hass, aina ya parachichi inayotakiwa na soko la nje, mapema Rungwe na Njombe, wakati watu wengi wanalijua parachichi kama tunda la kuokota chini ya mti, walikuwa na matunda mkononi soko lilipofunguka. Novemba 2022 Tanzania ilisaini makubaliano na China ya kupeleka huko maparachichi mabichi, na India nayo imefungua mlango. Aliyekuwa na miti inayozaa alifaidi. Aliyekuwa bado anatafakari alikuta bei ya ardhi imepanda. Tena kila mtu wa huku anajua kwamba fedha iliyokaa bila kazi haikai: itakuja ada ya shule, utakuja msiba, atalazwa mtu hospitali ya Rufaa, na ule mtaji uliokuwa unasubiri wazo zuri utakuwa umekwenda kwa mambo ambayo hakuna mwenye moyo angeyakataa. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Wana pia ushahidi wa kitafiti. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya hesabu, masoko na usimamizi. Kundi la pili lilifundishwa kujituma: kutafuta fursa mwenyewe, kujaribu bidhaa mpya, kutokukata tamaa kikwazo kikitokea. La tatu halikufundishwa chochote. Faida ya waliofundishwa kujituma ilizidi ya wasiofundishwa kwa asilimia 30. Ya wale wa mafunzo ya kawaida ilizidi kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu kingeweza kuwa bahati tu. Mtu akiniambia kwamba moyo wa kuthubutu unalipa kuliko daftari la mapato na matumizi, siwezi kumbishia.

Ila tuwaangalie hao 1,500 ni akina nani. Wote walikuwa tayari wana biashara. Mwenye duka alifundishwa kuthubutu akiwa anajua wateja wake, wauzaji wake wa jumla na siku za mwezi ambazo mtaa hauna fedha. Kuthubutu kwake kulikuwa na mahali pa kukanyaga. Semina zetu zinachukua dawa iliyomfaa mtu huyo na kumpa kijana aliyemaliza chuo juzi, ambaye hajawahi kuuza hata fungu la nyanya. Kisha akipoteza mtaji anaambiwa hakuwa na moyo wa kutosha.

Hatari hiyo si sawa kwa kila biashara, na hapa ndipo nyanda zetu za juu zinapotofautiana na mahali pengine. Viazi vya Uyole na Isyonje vinakaa shambani miezi mitatu au minne. Nyanya za Ilula nazo ni suala la miezi. Ukikosea mbegu, ukikosea dawa, ukiuza siku mbaya, unaumia na msimu unaofuata unarekebisha. Kwenye kazi za namna hiyo ushauri wa kuanza haraka ni ushauri mzuri, maana kosa lenyewe ni mwalimu na ada yake inalipika.

Parachichi si hivyo. Chukua heka moja, panda kwa mita saba kwa saba, itaingia miche kama themanini. Tuseme mche wa kubebeshwa ni shilingi 4,000: jumla ni 320,000. Fedha hiyo mtu anaipata kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, au kwa kuuza magunia machache ya mahindi, na ndiyo maana wengi wanaamini wameshaingia kwenye biashara siku wanapomaliza kupanda. Kumbe miche ndiyo sehemu rahisi. Mti utaanza kukuonyesha matunda mwaka wa tatu, na mavuno ya kuhesabika yatasubiri hadi mwaka wa tano hivi. Katikati hapo kuna palizi, mbolea, maji ya kiangazi, ng'ombe wa jirani, na baridi kali ya Juni na Julai inayoacha barafu kwenye majani alfajiri kule Njombe na Makete na kuunguza miche michanga. Kuna udongo unaotuamisha maji, ambamo mizizi ya mti itaoza hata ukimwaga mbolea ya aina gani. Na baada ya yote kuna tabia ya mti wenyewe, ambao mwaka huu unabeba sana na mwaka unaofuata unapumzika.

Miaka hiyo mitatu ndiyo inayonisumbua kuliko bei ya tunda ambayo kila mtu anaijadili. Ukikosea mahali pa kuchimba mashimo, au ukinunua miche kwenye kitalu kisichojua kilichukua vikonyo vyake vya kubebeshea kwenye mti gani, hutajua leo wala mwakani. Utajua mwaka wa tatu, ukiwa umeshalipa vibarua misimu yote hiyo. Na wote waliohamasishwa mwaka mmoja nawe watakuwa wanafikia mavuno pamoja nawe, wakimsubiri mnunuzi yuleyule wa kampuni ambaye anachagua tunda kwa ukubwa na ukomavu na kuliacha lililobaki. Tunda lililoachwa linauzwa kwa bei ya kutupa. Halafu kuna Rungwe, ambako wapo waliong'oa chai ili kupanda parachichi. Bei ya chai ilikuwa imewachosha na siwalaumu. Lakini aliyeng'oa chai ameondoa kichaka kilichokuwa kinampa chochote kile kila mwezi, akaweka mti usiompa kitu kwa miaka mitatu.

Tumeshaliona jambo hili kwenye misonobari. Wimbi la miti lilipita Mufindi, Kilolo na Njombe, na watu wa mjini walinunua mashamba ambayo wengine hawakuyakanyaga tena. Msonobari wa mbao nzuri unahitaji karibu miaka ishirini. Wengi waliukata ukiwa na miaka kumi au chini ya hapo kwa sababu ada ya mtoto haikuweza kusubiri, na mbao changa zikajaa sokoni. Wazo halikuwa baya, na miti hadi leo inalipa. Walichokosa ni uwezo wa kukaa nayo, na hilo hawakulipima kabla ya kupanda. Kware nao walikuja, mayai yakauzwa kama dawa, na aliyefaidi ni yule aliyeuza vifaranga kwa waliochelewa.

Sasa nije kwenye takwimu ninayoipenda, na ambayo ningetamani kila afisa maendeleo ya jamii aisome. Watafiti wa Marekani walifuatilia waanzilishi milioni 2.7 wa kampuni, wote walioajiri angalau mtu mmoja, kati ya mwaka 2007 na 2014. Wastani wa umri wao wakati wa kuanzisha ulikuwa miaka 42. Kwa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote, moja kati ya kila elfu, umri huo ulikuwa miaka 45. Na mwanzilishi aliyewahi kufanya kazi miaka mitatu au zaidi ndani ya shughuli ileile aliyoianzisha alikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 85 ya kufanikiwa sana, ukimlinganisha na asiye na uzoefu huo.

Najua Marekani si Mbeya. Kampuni zilizohesabiwa zina waajiriwa, zina benki zinazowasikiliza, zina mahakama ya kudai deni. Tena umri wa miaka 45 usimfanye kijana wa miaka 24 akae bure miaka ishirini akisubiri zamu yake. Nisemalo ni hilo la miaka mitatu ndani ya kazi ileile, na sababu yake haina utaifa. Mtazame kijana anayepakia viazi pale Uyole. Hana wazo la biashara, ukimuuliza. Lakini anajua kipi kinachoitwa gunia na kipi ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba, ingawa sheria ya vipimo imeikataza. Anajua mkulima amelipwa kiasi gani na dalali anamtajia mnunuzi wa Dar es Salaam bei gani. Anajua dereva yupi hufika na mzigo mzima na yupi hulala Makambako mvua ikinyesha juu ya viazi. Anajua tajiri yupi hulipa siku hiyohiyo na yupi husema kesho hadi msimu unaisha. Hakuna semina inayofundisha mambo hayo, na bila hayo mtaji wowote atakaouweka kwenye viazi utaliwa na wanaoyajua.

Zaidi ya hapo, wazo lake linaweza lisiwe viazi kabisa. Anaweza kugundua kwamba wakulima wanahangaika kupata mbegu safi, au kwamba magunia yanaadimika kila Juni. Aliyefanya kibarua kwenye kitalu cha Tukuyu anaweza kuona kwamba mwenye kitalu hulipwa mwaka wa kwanza huku mpandaji akisubiri wa tatu, akajifunza kubebesha miche badala ya kukimbilia shamba. Mawazo ya aina hii hayaonekani barabarani. Anayepita kwenye gari huona milima ya viazi na anawaza kuuza viazi.

Mtu kama huyu akishaamua, haondoki kirahisi. Alishaona mwaka mbaya ukimpiga bosi wake na akaona alivyoinuka. Kiangazi cha mwaka wa pili kikikausha miche yake hatasema ametapeliwa na parachichi, atatafuta ndoo.

Upande huu ninaoutetea una ubaya wake, nao ni mzito. Si kila mtu anaruhusiwa kuingia ndani ya kazi ya mwenzake. Binti hachukuliwi kupakia magunia, na madalali wa soko hawamfundishi mtu atakayewapunguzia riziki. Kumwambia binti huyo ajifunze kwanza kwa wenye kazi ni kumwambia asianze. Na wapo wanaojificha nyuma ya kusubiri. Kutazama kazi ya mwenzako ukiwa kijiweni si kuwa ndani yake. Kwa hawa, wahimizaji wana haki ya kupiga kelele.

Ila nikipima yote, madhara ya haraka kwenye mazao ya miaka ni makubwa kuliko madhara ya kuchelewa, na mfumo wetu wa mikopo unayaongeza. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Ni fedha nzuri, na kwa asiye na hati ya nyumba mara nyingi njia nyingine ni kausha damu, mikopo ya riba kubwa. Tatizo ni kwamba kikundi kinaulizwa wazo lake, kinaandika andiko, na maandiko yanafanana kwa sababu yananakiliwa. Marejesho yanahesabiwa kwa miezi. Kikundi kikipanda parachichi kwa fedha hiyo kitaanza kulipa deni kabla mti haujatoa hata ua. Ningependa swali la kwanza kwenye fomu liwe: kazi hii mmeifanya kwa nani, na kwa muda gani? Na binti asiyepokelewa sokoni aweze kujibu kwamba alifanya kwa majaribio kwenye kitalu cha halmashauri au karakana ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ambazo zingepaswa kuwa wazi kwake kwa kazi hiyo hasa.

Na mwenye heka moja Njombe ambaye ameshaambiwa mara nyingi kwamba anachelewa, asikubali kuchagua kati ya kujaza shamba lote na kutopanda kabisa. Apande miche ishirini, ambayo kwa mita saba kwa saba inachukua takribani robo heka. Katikati ya mistari aweke viazi au maharage, jambo linalowezekana kabisa miti ikiwa michanga, na robo tatu iliyobaki iendelee kumlisha. Msimu wa mavuno akafanye vibarua kwenye shamba la aliyetangulia, aone tunda linakatwaje na kikonyo chake na mnunuzi anakataa lipi. Miche yake ikifikia kuzaa atakuwa anajua kama udongo wake unalikubali parachichi, na zile robo tatu bado atakuwa nazo.