GB 8 nimelipia mimi, XP inaona tatu na robo

Jamani hivi hii ni haki kweli? Nimenunua ram (memori ya kompyuta) GB 8, pesa taslimu, fundi kazichomeka kwenye mashine yangu yenye mifumo miwili, Ubuntu na Windows XP ya zamani, nawasha upande wa Ubuntu naziona karibu zote, safi kabisa, naristati niingie upande wa XP naambiwa GB 3.25. Tatu na robo! Nyingine zimelala humo humo ndani zinakula umeme wangu na kazi hazifanyi.

Na msiniulize XP ya nini wakati sapoti yake ilikatwa 2014. Ni skana. Skana yangu ya stesheneri inaijua XP ya biti 32 basi, draiva (programu ya kuitambulisha kwa mfumo) ya kwingine haina, na ni nzima, sasa kitu kizima unakitupaje? Kwa hiyo mteja akija na cheti cha kuzaliwa namwambia subiri kidogo nahama, mashine inazima, inawaka, menyu inatokea, nachagua, XP inajikongoja, mteja anaangalia saa, tukimaliza kuskani ananiambia haya nitumie kwenye imeili. Kwa XP, na intaneti ya siku hizi? Tunahama tena.

Kuna kijana anayajua haya mambo akanieleza biti 32 zina anwani 4,294,967,296 tu, kila moja ya baiti moja ya memori, ndo hizo GB 4, yaani kama mtaa wenye namba za nyumba zinazoishia mahali, halafu kadi ya grafiki na ya sauti na ya netiweki nazo zinataka namba na zinajichukulia kwanza, ram inabakiziwa. Nikasema sawa, hesabu ni hesabu. Kumbe wapi! Kuna kitu kinaitwa PAE, cha kuzipa biti 32 anwani nyingi zaidi za ram, kipo kwenye prosesa tangu Pentium Pro ya 1995, kinafika GB 64, na Windows Server 2003 Enterprise ya biti 32 hizo hizo ilikuwa inakitumia vizuri tu. Sisi wa XP tukafungiwa kwenye 4, eti draiva nyingi zilikuwa zinaangusha mashine zikikutana na anwani za juu ya hapo. Draiva tena! Skana inanishika huku, draiva za watu nisiowajua zinanishika kule.

Kaka yangu ananicheka, yeye ana Windows 98 ya kuchezea magemu ya zamani. Acheke tu. Hiyo 98 ukiizidishia ram, ukapita MB 512 hivi, inaweza kugoma kuwaka ikakuambia memori haitoshi. Haitoshi! Mpaka uingie kwenye faili lake la mipangilio, system.ini, uibane vcache, ile sehemu ya ram inayotunzia mafaili kwa muda, ndo itulie. Yaani kosa lako ni kuwa nazo nyingi.

Nikamrudia fundi, akakuna kichwa weee, akasema bosi ongeza ziwe 16. Nikamuuliza zikiwa 16 XP itaona ngapi? Akasema tatu na robo, ila upande wa pili utafurahi. Sasa upande wa pili nani alisema una shida?